Habari mbaya za vita tuleteeni, sisi sio watoto

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Juma lililopita kuna mwenzetu aliandika hapa akasema magazeti yaache kuandika askari wetu wa Kenya wakipigwa huko Somalia, ati kwa sababu yanavunja moyo wananchi na kumpa adui nguvu. Niliisoma ile barua asubuhi nikanyamaza, jioni nikaisoma tena nikaona hapana, hii lazima ijibiwe, manake ni maneno matamu sana masikioni lakini ukiyafuata unaishia pabaya, na sisi watu wa Lamu tumeshafika huko pabaya, tunapajua.

Mimi sio mwanajeshi wala sio mtu wa siasa, ni mtu wa Lamu, nachukua samaki Lamu nawauza Mombasa, na hii vita imekaa mlangoni kwangu tangu ianze.

Tuanze 2011 maana watu wanasahau haraka. Septemba mwaka ule mtalii wa Kiingereza aliuawa kule Kiwayu na mkewe akabebwa na mashua usiku, Oktoba mwanzoni mama wa Kifaransa, mtu mlemavu wa kiti cha magurudumu, akabebwa kutoka Manda, na Manda ukisimama kwenye gati la Lamu unaiona hiyo hapo ng'ambo, yule mama akafia mikononi mwa watekaji. Siku chache baadaye wakachukuliwa wanawake wawili wa Kihispania waliokuwa wakifanya kazi na madaktari kule Dadaab. Sasa tarehe 16 Oktoba jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Somalia na ile Operesheni Linda Nchi, nani angepinga? Hoteli zilikuwa zimebaki na paka, vijana wa boti wamekaa tu. Mimi mwenyewe niliunga mkono na sioni haya kusema hivyo, nchi haiwezi kukaa watu wanachukuliwa vitandani mwao alafu ikanyamaza.

Na vita mwanzoni ilikuwa na vichekesho vyake pia. Msemaji wa jeshi siku zile, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa akiandika kwenye Twitter kila siku, kuna siku akatangaza kwamba kundi kubwa la punda likionekana linatembea litahesabiwa ni shughuli za Al-Shabaab, hao wapiganaji wa Somalia tunaopigana nao. Mtu wa Lamu umwambie kundi la punda ni adui, mji wetu mzima unabebwa na punda, mchanga, mawe, maji, mpaka bibi harusi. Tulicheka wiki nzima. Lakini angalia, hata kicheko kile kilikuwa cha watu wanaoiamini serikali yao, maana jamaa alikuwa anatuambia kitu kila siku, kizuri kibaya, hata cha kipuuzi. Kismayo, mji wa bandari wa Somalia, ilipochukuliwa na jeshi letu mwisho wa Septemba 2012 watu waliambiana hongera barabarani.

Alafu vita ikatufuata nyumbani. Duka kubwa la Westgate kule Nairobi, 21 Septemba 2013, wakauawa watu 67. Na hapa ndio nataka mwenzangu anisikilize, kwa sababu yeye anafikiri mwananchi akisikia msiba wa vita anakimbilia kusema turudisheni askari nyumbani. Sio hivyo ilivyokuwa. Walikuwepo waliosema turudi, lakini wengi hawakusema hivyo, wengi walimgeukia Msomali aliye karibu. Aprili 2014 baada ya mabomu ya Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, ikaja operesheni ya Usalama Watch, polisi wakazoa watu kwa maelfu, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani, wamo wenye vitambulisho vya Kenya na wamo akina mama na watoto, na mtaani watu walisema nini? Walisema wacha wachukuliwe. Nilikuwa Mombasa wakati ule, nilisikia kwa masikio yangu watu waungwana, watu wa kuswali na watu wa kanisani, wakisema hivyo bila hata kushusha sauti. Yule aliyelipua hawamwoni, jenerali hawamfikii, aliye mbele yao ni Msomali wa duka la nguo.

Mpeketoni, mji wa hapa hapa Lamu, ndio ilikuwa mbaya zaidi kwetu. Ilikuwa usiku wa 15 Juni 2014, watu wanatazama Kombe la Dunia, wakaingia wauaji, ndani ya hizo siku mbili tatu wakafa watu zaidi ya 60. Al-Shabaab wenyewe wakasema ni sisi. Rais Uhuru Kenyatta akatoka kwenye tiivii akasema hapana, sio Al-Shabaab, ni mitandao ya siasa ya hapa hapa. Sasa wewe mkaazi wa Lamu umebaki na nini? Adui anasema ni mimi, rais wako anasema ni jirani yako. Kuanzia siku ile watu waliokuwa wakisalimiana miaka na miaka wakaanza kuangaliana vibaya, mwenye shamba akamwona mwenye mashua ndiye aliyeleta wauaji, mwenye mashua akaona mwenye shamba ndiye anamchomea kwa polisi. Ikaja kafyu, ikaja marufuku ya kuvua usiku, na hiyo marufuku ilidumu miaka, mvuvi anayetega usiku akaambiwa atege mchana, samaki naye ameambiwa? Watu waliuza nyavu zao. Hii yote ni gharama ya vita lakini kwenye hesabu ya vita hutaiona popote.

Nakubaliana na mwenzangu kwa kitu kimoja. Ni kweli picha moja inaweza kuitoa jeshi vitani, na mfano uko Somalia hiyo hiyo. Tarehe 3 Oktoba 1993 makomando wa Marekani waliingia Mogadishu kuwatafuta watu wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa huko, helikopta mbili zikaangushwa, mpaka kesho yake Wamarekani 18 wamekufa kwenye yale mapigano na Wasomali kwa mamia. Maiti ya askari ikaburutwa barabarani, mpiga picha akaipiga, Wamarekani wakaiona kwenye magazeti na tiivii wakiwa mezani. Siku chache tu baadaye Rais Clinton akatangaza askari wake watakuwa wametoka ifikapo 31 Machi 1994. Na wakatoka. Na Aprili mwaka huo huo Rwanda ilipoanza kuchinjana Washington haikutaka hata kusikia habari ya kupeleka askari Afrika, hofu ya Mogadishu ilikuwa bado mbichi. Watu wa Kigali walilipia picha ile.

Lakini kuna kitu kwenye kisa hicho hakisemwi sana. Karibu miezi mitatu kabla yake, 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilipiga nyumba moja Mogadishu ambayo wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao, wakafa makumi ya watu. Wasomali wakapandwa na hasira, waandishi wanne waliokimbilia pale kupiga picha wakauawa na umati, wawili wao Wakenya wenzetu, Hos Maina na Anthony Macharia, na Dan Eldon kijana aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Je Julai ile Amerika iliyumba? Haikuyumba. Wale wazee hawakumtoa askari hata mmoja Somalia. Wakaja kufa kumi na nane wa kwao, nchi nzima ikasimama. Kwa hiyo tusidanganyane, mwananchi aliye nyumbani halii kwa ajili ya ubaya wa vita, analilia watoto wake. Wanajeshi wanalijua hilo kuliko sisi, ndio maana wanaficha maiti za kwao kwanza.

Na Nairobi ilijifunza somo hilo vizuri kabisa. Desemba 2014 Bunge lilipitisha ile sheria ya usalama kwa vurugu, wabunge wanarushiana vitabu na maji, ndani yake kulikuwa na kifungu cha kumfunga mtu hadi miaka mitatu au kumtoza hadi shilingi milioni tano kwa kuchapisha picha za waliokufa au kujeruhiwa za kutia watu hofu. Korti Kuu ikakifuta Februari 2015, sawa, lakini nia tulishaiona.

Aprili 2015 Garissa. Al-Shabaab wakaua wanafunzi na wengine, watu 148, kwenye chuo kikuu. Pale hakuna aliyeweza kuficha kwa sababu wafu walikuwa watoto wa shule na wazazi wao walikuwa wamesimama nje ya mochari ya Chiromo mbele ya kamera. Na vijana wa Kenya wakafanya kitu kizuri sana, wakakataa wale watoto wabaki idadi, wakaanza kuweka majina yao na picha mtandaoni, huyu alikuwa anasoma ualimu, huyu alikuwa kifungua mimba kwao, wakakusanyika Uhuru Park na mishumaa. Mimi nasema ule ndio msiba wa pekee katika vita hii nzima ambao sisi Wakenya tuliomboleza sawasawa. Watu walikasirika pia, na hasira ilikwenda pahali pake, waliuliza kwa nini Recce, kile kikosi maalum cha polisi, kilichelewa mpaka jioni wakati wauaji walikuwa wanne tu. Hilo swali lilikuwa zuri. Lilitoka kwa watu waliojua nani amekufa na amekufa vipi.

Sasa linganisha na El Adde. Ijumaa alfajiri, 15 Januari 2016, hiyo kambi ya askari wetu huko Gedo, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab kwa gari la mabomu na wapiganaji wengi, waliokuwa kambini ni vijana wa kikosi cha 9 Kenya Rifles kutoka Moi Barracks Eldoret. Sisi tulijua kwa WhatsApp. Nilikuwa kwa muuza magazeti karibu na feri ya Likoni, pale watu husimama kusoma vichwa vya habari bila kununua, siku ile hakuna aliyeangalia magazeti, kila mtu ameinama kwenye simu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, mpwa wake alikuwa huko, kuna kijana alimwonyesha picha ya askari amelala kifudifudi kwenye mchanga, uso hauonekani. Mzee akachukua simu, akaivuta ile picha kwa vidole mpaka pale mkononi, akaangalia, akasema saa si yake huyu. Akarudisha simu. Akaomba aonyeshwe nyingine. Hivyo ndivyo mtu alikuwa anatafuta habari za mtoto wao mwaka 2016, kwenye picha zilizopigwa na adui.

Na waziri wa usalama wa ndani, marehemu Nkaissery, akatoka kuonya kwamba anayesambaza zile picha ni mfuasi wa Al-Shabaab na atakamatwa. Mwanahabari Yassin Juma akakamatwa kweli kwa mambo aliyoandika kuhusu El Adde. Mkuu wa majeshi Jenerali Mwathethe akatuambia bomu lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile la ubalozi wa Marekani Nairobi 1998. Yani ukubwa wa bomu tuliambiwa, idadi ya waliokufa hatukuambiwa. Tarehe 27 Januari marais watatu, wetu na wa Somalia na Buhari wa Nigeria, wakakaa pamoja Eldoret kwenye ibada ya wafu, ibada bila idadi. Mwezi uliofuata rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud akasema kwenye tiivii ya kwao kwamba walikufa karibu 180 mpaka 200, jeshi letu likakanusha, lakini likakanusha bila kutoa hesabu yake. Mei CNN wakasema 141. Sisi wenye watoto tukabaki kusoma hesabu za wageni.

Matokeo yake ni nini, hapa ndio swali langu kwa mwenzangu anayetaka habari zifichwe. Je watu walipata moyo? Walipata ujanja tu. Mwaka mmoja baadaye, 27 Januari 2017, ikapigwa kambi yetu nyingine huko Somalia, ya Kulbiyow. Jeshi kwanza likakana kambi imetekwa, baadaye likasema wamekufa tisa. Al-Shabaab wakasema zaidi ya hamsini. Pale maskani yetu jamaa walifanya nini? Walichukua idadi ya serikali na idadi ya Al-Shabaab wakajumlisha wakagawa kwa mbili, wakasema basi ni thelathini hivi, wakarudi kwenye kahawa yao. Sisemi thelathini ndio ukweli, nasema angalia tumefika wapi, mwananchi wa Kenya anamweka msemaji wa jeshi lake na msemaji wa wauaji kwenye mizani moja na kila mmoja anampa nusu. Propaganda ya Al-Shabaab peke yake isingeweza kufanya kazi hiyo hata kwa miaka ishirini. Tuliwasaidia sisi wenyewe kwa kunyamaza.

Na hakuna aliyeandamana kutaka jeshi lirudi, hakuna serikali iliyotikisika, kampeni za 2017 zilikuwa na mambo mengi lakini El Adde haikusimama jukwaani kama swali la kura. Kwa hiyo wakubwa wakaona mbinu imefanya kazi. Kwa upande wao ndio, imefanya kazi. Mtu asipoambiwa msiba hawezi kuuliza kambi ilikuwa imejengwa vipi, nani alipewa tahadhari, msaada ulichukua saa ngapi kufika. Mwaka mmoja tu ikaja Kulbiyow na tukawa hatuna hata swali moja mkononi.

Mambo ya kuficha sio mageni huku kwetu. Hola iko hapo Tana River, majirani zetu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa mpaka kufa kwenye kambi ya Hola kwa sababu walikataa kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ukaonyesha ni kipigo. Kule London bungeni kukawaka, mbunge wa upinzani Barbara Castle akaishambulia serikali, mpaka Enoch Powell wa chama tawala akasimama Julai akaikemea serikali ya chama chake. Alafu Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakapiga kura, na waziri mkuu Macmillan akashinda tena kwa wingi mkubwa kuliko mwanzo. Mpiga kura wa Uingereza hakujali Hola. Waliojali walikuwa watu wachache walioisoma ile habari mpaka mwisho, na kwa kuwa walikuwa mahali pa kufanya maamuzi, Januari 1960 viongozi wetu walikuwa wamekaa Lancaster House kule London wanazungumzia utawala wa wengi. Yako mengine yaliyosukuma, lakini Hola imo.

Vietnam ilikuwa vile vile na zaidi. My Lai, Machi 1968, askari wa Marekani waliua mamia ya wanavijiji, wanawake, wazee na watoto wachanga, habari ikafichwa mwaka na nusu. Ilipotoka, aliyehukumiwa ni mmoja tu, Luteni Calley, na Wamarekani walio wengi wakakasirika kwa nini amehukumiwa, barua na simu za maandishi zikamiminika kwa Rais Nixon mpaka akaamuru atolewe jela akae kifungo cha nyumbani. Na yule rubani Hugh Thompson aliyetua helikopta yake katikati kuwaokoa wanakijiji? Huyo ndiye alitishiwa maisha akirudi kwao. Kwa hiyo msinidhanie nasema wananchi wakiambiwa ukweli watakuwa malaika. Wengi hawatakuwa. Nasema wale wachache watakaouliza swali la maana lazima wawe na kitu cha kulishika.

Maana sisi nasi hatujauliza letu. Baada ya El Adde ndege zetu zilipiga Gedo, na wenyeji wa Gedo wakalalamika kwamba mabomu yanaangukia mifugo na watu wasiohusika. Nani Kenya alishtuka? Niambieni gazeti gani la Kiswahili lilituma mtu akaongee na mchungaji wa ngamia kule. Pale maskani niliuliza hivyo siku moja, jamaa mmoja akanijibu, na akina sisi walipouliwa Garissa nani alilia Gedo? Nikamwambia huko Gedo pia Al-Shabaab wanaua watu wao kila siku. Akanyamaza kidogo alafu akabadilisha habari akaongea mpira.

Bahati nzuri tuna mfano mwingine. Desemba 2015 huko Mandera Al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Waislamu watengane na Wakristo, Waislamu wakakataa, wakawapa wenzao mitandio wajifunike, wakasema mtuue wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari, siku chache tu baada ya El Adde. Msomali, Mwislamu, wa Mandera. Habari yake ilitoka yote, jina, picha, kazi yake, watoto aliowaacha, na mimi niliona kwa macho yangu watu wale wale waliosema 2014 Wasomali wazolewe wakishea picha yake na kumwombea. Serikali ikampa nishani baada ya kufa, ilistahili. Habari kamili inaweza kumgeuza mtu. Uvumi sijaona ukimgeuza mtu kwenye kheri.

Sasa mimi sisemi jeshi litoke Somalia au likae, hilo watu wabishane, nchi ina wabunge. Ninachotaka ni kidogo sana. Nchi nyingine askari akifa vitani familia inaambiwa kwanza, alafu ndani ya siku chache jina lake linatangazwa, umri wake, alikotoka, na vita yao inaendelea tu kama kawaida, haijasimama kwa sababu ya jina. Jeshi letu lifanye hivyo, na lianze na wale wa 2016 na 2017 ambao wazazi wao wengine nasikia bado wanauliza. Na nyinyi magazeti msingoje kupewa, nendeni kwa familia, nendeni Eldoret, na mkiweza mtume mtu mpaka Gedo pia.

Najua barua yangu ni ndefu na mna kurasa chache. Mkitaka kuipunguza kateni kule kwa Wamarekani, watu wanaweza kuyasoma kwingine, lakini hiyo ya Gedo naomba muiache.

Msomaji wenu,
Lamu